Vishikwambi Vyangu Vilivyo kwa Bi Hatua

Jumatatu, 3 Februari

Kikao cha walimu. Chai ya baridi, habari ya moto. Shule imepata vishikwambi kumi na viwili, kila kimoja na kibodi yake ndogo ya kuchomeka, pamoja na projekta moja! Mwalimu Mkuu alivipanga mezani kwa mkono wake mwenyewe. Akavifuta vumbi ambalo halikuwepo. Akasema vitaanzia darasa la nne. Moyo ukaniruka. Darasa la nne ni mimi! Nne A naishika mwaka wa kumi na tisa huu.

Kisha akasema itakayotangulia ni Nne B.

Nne B ni ya Bi Hatua. Jina hilo nimempa mimi, kimoyomoyo, maana hamalizi sentensi bila kusema "hatua kwa hatua". Binti huyu alikuja hapa kufanya mafunzo ya vitendo katika darasa langu. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kushika chaki isipige kelele. Mimi ndiye niliyetia saini fomu yake. Leo anapewa vishikwambi sita na projekta kwa sababu tu ameandika mpango wa kurasa mbili! Sita vingine vimefungiwa kabatini kwa Mkuu.

Si hayo tu. Ijumaa ya wiki ijayo afisa elimu anakuja. Ataangalia madarasa yote mawili, kisha atateua mratibu wa vifaa vya kidijitali wa shule nzima. Mratibu atapata chumba chake na kibao mlangoni. Nikanyoosha mkono, nikasema hata mimi nina mpango. Mkuu akauliza uko wapi. Nikasema uko nyumbani.

Hauko nyumbani. Hauko popote.

Si wivu huu. Ni uchungu wa kitaaluma.

Jumanne, 4 Februari

Ukuta kati ya Nne A na Nne B haufiki juu kabisa. Niliwapa wanangu hesabu ishirini za kugawanya, nikapanda kiti, nikachungulia.

Ajabu! Katika vishikwambi sita ametoa kimoja. Kimoja tu! Akawaonyesha watoto picha ya moyo unaodunda, dakika kumi akitazama saa, halafu akakizima na kukifungia. Baada ya hapo watoto wakachukua madaftari wakachora moyo kwa penseli. Nilicheka peke yangu pale juu. Mtu kapewa sufuria zima, anaonja kwa ncha ya kijiko! Kiti kikayumba. Wanangu wakasema pole Mwalimu, wote arobaini na watatu kwa pamoja. Nikajua upande wa pili wamesikia.

Jioni nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Kitinda mimba wangu yuko Nne B, kwa sababu shule haitaki mwalimu amfundishe mtoto wake. Chakula chote alikuwa na habari moja tu, mwalimu wao. Eti mwalimu wao kabla ya kuwasha kifaa chochote huwauliza, je, chaki ingeweza kazi hii? Ikiwa ingeweza, kifaa hakiwashwi. Mama watoto akasema hilo ni swali la mtu mwenye akili.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka kumi na minne. Sijawahi kumsikia akisifu swali langu hata moja. Nikalala bila kumaliza chai.

Jumatano, 5 Februari

Wakati wa mapumziko nilikuta nusu ya darasa langu wamebandika pua kwenye madirisha ya Nne B. Watoto wangu! Niliowafundisha kuandika herufi zinazokaa juu ya mstari! Nikawaita, wakaja wakiburuta miguu.

Nimeamua. Yeye anakwenda hatua kwa hatua, mimi nitaruka. Watu husema haba na haba hujaza kibaba, lakini pia husema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi tumbo linaniuma tangu Jumatatu.

Nimeandika mpango wangu wakati wa vipindi vya mchana. Kurasa kumi na moja. Kufikia mwisho wa wiki ya pili, masomo yote yatakuwa kwenye vishikwambi, pamoja na michezo. Mkuu aliupokea, akaupima uzito kwa mkono, akauliza kama kuna muhtasari. Nikamwambia kila neno lina kazi yake. Akasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Akauliza watoto watakimbiaje na kishikwambi mkononi. Nikasema hilo liko ukurasa wa saba. Haliko.

Hakunipa vishikwambi. Alinipa ruhusa ya "kuwaandaa watoto". Siku ya afisa, akasema, atanikabidhi vile sita vya kabatini na nitapewa dakika zangu.

Ruhusa inatosha. Mwenye macho haambiwi tazama.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimepata wazo ambalo Bi Hatua hawezi kuliota hata akilala wiki nzima. Kibodi za maboksi! Nitawafundisha watoto kuandika kwa mashine kabla hawajaigusa mashine. Siku ya afisa watachomoka tu.

Nimeokota maboksi dukani, nikayakata vipande arobaini na vitatu. Kisha nikaenda ofisini kwa karani kuangalia kibodi ya kompyuta yake, nipate vipimo. Nikahesabu vitufe vya herufi. Safu ya juu kumi, ya kati tisa, ya chini saba. Vizuri. Lakini herufi zenyewe! Zimetawanywa ovyo. Q ndiyo ya kwanza! A imetupwa safu ya pili pembeni! Yaani aliyeunda mashine ile alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Simu yangu ya tochi, ambayo haijawahi kuharibika, ina ABC kwenye mbili na DEF kwenye tatu, kwa mpangilio, kama mtu mzima anavyotarajia. Kwa hiyo nimechukua vipimo vya karani, herufi nimezipanga mwenyewe. A hadi J juu, K hadi S katikati, T hadi Z chini. Zikaenea sawasawa, bila hata moja kubaki! Hapo nikajua niko kwenye njia sahihi.

Karani alitazama boksi la kwanza akaanza kusema lakini Mwalimu. Nikamwambia kila mtu na kazi yake. Akarudi kwenye barua zake.

Nimeandika herufi 1,118 kwa mkono. Mwandiko wangu haujawahi kupendeza namna hii.

Ijumaa, 7 Februari

Mazoezi! Mimi na rula yangu mbele, watoto na maboksi yao. Nikigonga meza, wanabonyeza. Vidole mia nne na thelathini juu ya maboksi! Mlio wake unasisimua. Hadi saa sita walikuwa wanaandika majina yao. Hadi saa saba wanayaandika wamefumba macho. Darasa gani jingine linaandika limefumba macho?

Bi Hatua alikuja mlangoni. Shikamoo Mwalimu wangu, akasema, maana hajaacha kuniita hivyo, na kila akiniita hivyo nasikia kama ananichoma sindano kwa adabu. Akatazama maboksi. Akaliinua moja, akalitazama tena. Akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba Mwalimu wangu, huu mpangilio wa herufi, labda tungekaa kidogo tukauangalia.

Nikamkatiza. Nikamwambia mpishi haonyeshi mapishi yake kwa jirani. Akanitakia mapumziko mema.

Wivu wake niliuona wazi. Hata mkono uliokuwa umeshika boksi ulikuwa mzito kulirudisha.

Jumamosi, 8 Februari

Nyumbani. Kitinda mimba amechukua simu ya mama yake kumwandikia shangazi salamu. Kidole chake kinaruka huku na huku kwenye kioo. Nikamuuliza kwa nini anabonyeza ovyo. Akasema habonyezi ovyo, herufi ziko huko. Nikaitazama ile simu. Q ya kwanza!

Kumbe na simu ya mama watoto ni mbovu vilevile. Pengine imenunuliwa duka moja na kompyuta ya karani.

Mtoto akaniuliza kama ninajua mwalimu wao Jumatatu ataingia hatua ya pili. Nikasema sijui na sitaki kujua. Kisha nikamuuliza hatua ya pili ni nini. Akasema ni siri ya Nne B. Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nikamwambia aende akaoshe vyombo.

Jumatatu, 10 Februari

Hatua ya pili imeniua. Amewagawa watoto makundi sita, kila kundi kishikwambi kimoja. Mmoja anapiga picha jani la uani, wa pili analipima kwa rula, wa tatu anaandika daftarini, kisha wanabadilishana kazi. Wote wananong'ona. Mbona hawagombani? Wangu wanagombania hata kifutio!

Saa nane getini mama mmoja alinisalimia vizuri sana, akaniuliza kuhusu afya yangu, ya mke wangu, ya watoto. Baadaye akauliza kama inawezekana mwanawe ahamishwe kutoka kwangu aende Nne B. Nilimjibu kwa tabasamu. Halafu nikaingia stoo ya vifaa vya michezo nikakaa juu ya mpira. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, walisema wahenga. Niliumia. Hilo naliandika hapa tu, halisomwi na mtu. Miaka kumi na tisa, hakuna mzazi aliyewahi kuniomba mtoto wake aondoke.

Pale stoo nikauona waya wa kurefushia umeme. Bila waya huo projekta yake haifiki kwenye soketi. Nikauazima. Sikuiba, niliuazima bila kusema.

Jumanne, 11 Februari

Bi Hatua ameingia darasani, ameutafuta waya, hakuupata. Mimi juu ya kiti nikingoja kilio. Akawaambia watoto kumbe leo chaki inatosha. Akachora ramani ya uwanja wa shule ubaoni, nzuri, kwa mkono uleule niliougeuza mimi chaki isipige kelele! Wakati huohuo Mkuu akapita dirishani. Akasimama. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwangu kwamba huyu ndiye mwalimu wa kweli, asiye mtumwa wa mashine.

Waya ulikuwa kabatini kwangu. Sina cha kuchomeka. Nimeurudisha stoo saa tisa nikiwa nimeuficha ndani ya koti, na mlinzi akaniuliza kwa nini leo nimenenepa upande mmoja.

Jumatano, 12 Februari

Bi Hatua amekuja tena. Safari hii amekuja na kikapu. Ndani yake vishikwambi vyake vyote sita! Amesema kesho Nne B haitavihitaji, ingekuwa vizuri watoto wangu wavishike siku moja kabla, waizoee kibodi yenyewe. Akarudia neno hilo, yenyewe, akinitazama machoni. Akasema anaweza hata kukaa nami nusu saa.

Nikaona mtego. Kwanza, angejua siri yangu yote. Pili, kesho kutwa tukishinda angesema ni yeye aliyetuazima. Nikamshukuru sana. Nikamwambia wanangu hawahitaji kuonjeshwa. Akaondoka na kikapu chake polepole, maana huyo hata kutembea ni hatua kwa hatua.

Nilimsimulia mama watoto nikijua atacheka. Hakucheka. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia mimi nina watoto watatu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimenyoosha shati jeupe mara mbili. Mazoezi ya mwisho yamekwenda vizuri mno. Nimechagua sita bora, na wote sita wanaandika sentensi ya makaribisho kwa sekunde tisa wamefumba macho. Nilikaribia kutokwa na machozi. Watoto hawa wananiamini, jamani. Nikisema fumbeni, wanafumba.

Nikamwambia mama watoto kwamba kesho jioni atalala ameolewa na mratibu. Akauliza mume wake wa sasa ataondoka saa ngapi.

Ijumaa, 14 Februari



Afisa elimu ni mama mfupi, miwani yake inaning'inia kwenye kamba shingoni, haandiki sana. Alianza na Nne B. Bi Hatua alitumia kishikwambi dakika nne tu. Muda uliobaki watoto walimweleza afisa kwa nini kazi nyingine wamezifanya kwa penseli! Kitinda mimba wangu alisimama akajibu maswali mawili, bila kuniangalia hata mara moja. Nilimwonea fahari, na wakati huohuo nilikasirika. Fahari yangu imetiwa saini na mtu mwingine.

Zamu yetu. Mkuu akagawa vishikwambi, akachomeka kimoja kwenye projekta ili kila mtu aone ukutani. Sita wangu wakakaa. Nikasema fumbeni macho. Wakafumba. Nikagonga rula. Vidole vikaenda, kwa pamoja, vizuri ajabu. Sekunde nane! Rekodi! Sentensi ilikuwa "karibu afisa elimu".

Nikageuka kutazama ukutani. Paliandikwa:

aqkowx qyolq tsodx

Nikakimbilia kishikwambi cha pili. Aqkowx qyolq tsodx. Cha tatu, vilevile. Vyote sita! Hata nukta moja haikutofautiana.

Afisa akavaa miwani. Akauliza hii ni lugha gani. Nikamjibu ni lugha ya kompyuta. Akasema amefanya kazi na kompyuta miaka ishirini na hajawahi kusalimiwa hivyo.

Msichana wangu wa mbele, mkweli kupita kiasi, akatoa boksi lake mkobani akampa afisa. Afisa akaliweka kando ya kibodi. Akapeleka macho huku, akayapeleka kule. Karani alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, akajifanya anahesabu vikombe. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kompyuta ya karani haikuwa mbovu. Masikio yakawaka moto. Wale sita walikuwa wananitazama mimi, si kibodi, na mmoja mdomo ulishaanza kumcheza.

Afisa akasema watoto hawa wamejifunza kikamilifu walichofundishwa. Akalirudisha boksi taratibu, akaongeza kuwa mwandiko ni mzuri sana.

Bi Hatua akaja mbele bila kuitwa. Akachutama kando ya yule aliyekaribia kulia. Akawaambia wanangu wasifumbe macho tena, waitafute herufi moja, moja tu, kisha ya pili, hakuna anayewakimbiza. Baada ya dakika saba ukuta ukaandikwa "karibu afisa elimu". Darasa langu likapiga makofi hadi vumbi la chaki likashuka. Walimpigia yeye.

Ameteuliwa yeye. Chumba, kibao, vyote.

Na si hapo tu. Akamwomba Mkuu, mbele ya afisa, kwamba Mwalimu wake awe wa kwanza kujiunga na mafunzo. Kuanzia wiki ijayo, kila Jumanne na Alhamisi, mwalimu wa zamu atakaa na Nne A, mimi nitakaa Nne B. Kwenye dawati. Mkuu akasema wazo zuri sana.

Jumanne, 18 Februari

Wikiendi nzima sikuandika. Nilikuwa natafakari yale maneno ya afisa. Wamejifunza kikamilifu walichofundishwa! Ukiyaangalia vizuri, ni sifa kwa mwalimu. Nimemwandikia barua leo asubuhi kuomba uratibu wa wilaya nzima, maana shule moja kumbe ilikuwa ndogo kwangu. Nimeiandika kwa mkono. Aliusifu mwandiko.

Kisha nikaenda kukaa dawatini. Magoti yamegusa kidevu. Na nafasi pekee iliyobaki ilikuwa kando ya kitinda mimba wangu! Bi Hatua akatupa kishikwambi kimoja, mimi na mwanangu. Hatua ya kwanza, kuwasha na kuzima. Mtoto akamaliza. Hatua ya pili, kufungua ukurasa. Mtoto akamaliza. Mimi nilikuwa bado naheshimu hatua ya kwanza. Mwisho wa kipindi akabandikiwa nyota ya karatasi kwenye daftari. Mimi nikaambiwa, Mwalimu wangu, unakwenda vizuri.

Nyota! Kwa kuwasha kitu!

Jioni alikuja na simu ya mama yake, akakaa karibu nami kwenye kochi, akasema Baba, tufanye mazoezi kidogo, nitakuonyesha polepole. Nikamwambia asante mwanangu, Baba anajua. Akasisitiza. Nikamwambia akalale. Akaenda, uso umemshuka.

Lakini mimi si mtoto wa jana. Najua alichokuwa anatafuta. Alhamisi nikipata nyota, atasema ni yeye aliyenifundisha. Hapana! Hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu nimeziacha kwake. Mimi Alhamisi naanzia ya nne.